Ushuru wa Forodha Ukifutwa, Hasara ni ya Nani?

Mtu apitaye siku hizi katika Barabara ya Othaya, mtaani Kileleshwa, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, husikia nyundo na mashine za kuchanganya zege tangu asubuhi hata jioni. Mtaa huo hapo zamani ulikuwa wa nyumba za chini zenye paa za vigae na bustani pana, na nyingi katika hizo zilikaliwa na maofisa wa Serikali. Sasa bustani zimebaki chache, na mahali palipokuwa na nyumba moja pamesimama jengo la ghorofa kumi au zaidi. Mafundi na vibarua huja mapema kwa miguu kutoka Kawangware na Kangemi, na jua likichwa hurudi vivyo hivyo.

Malori yaingiayo humo huleta saruji, nondo, vigae, mabomba, vioo na nyaya za umeme. Baadhi ya vitu hivyo hutengenezwa nchini, na baadhi hutoka ng'ambo. Viko pia vilivyo vya nchini kwa jina tu, ambavyo sehemu kubwa ya vitu vilivyovitengeneza ilishushwa melini huko Kilindini. Kwa sababu hiyo habari za ushuru wa forodha, ijapokuwa hudhaniwa kuwa ni habari za mawakili na makarani wa bandarini, ni habari za Kileleshwa pia. Tena ni habari za kila mtu ajengaye, hata yule ajengaye nyumba ya vyumba viwili kwao Vihiga au Makueni kwa mshahara wa kidogo kidogo.

Siku ya Jumatano, tarehe 31 Julai 2024, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilitoa hukumu kwamba Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilikuwa batili yote, kuanzia kifungu cha kwanza mpaka cha mwisho. Majaji watatu walisema kwamba Bunge halikuufuata utaratibu unaoagizwa na Katiba. Wananchi walitoa maoni yao, lakini hawakuelezwa sababu za maoni hayo kukubaliwa au kukataliwa, na tena vifungu kadha viliingizwa baadaye pasipo wananchi kuulizwa. Miongoni mwa waliopeleka shauri hilo mahakamani alikuwa Okiya Omtatah, Seneta wa Busia.

Ndani ya sheria hiyo mlikuwamo tozo jipya lililotozwa bidhaa ziingiazo kutoka nchi za nje, lililoitwa Tozo la Kukuza Mauzo ya Nje na Uwekezaji. Klinka ya kutengenezea saruji, pamoja na chuma ambacho hakijakamilika kufanywa nondo, vilitozwa asilimia 17.5 ya thamani yake. Aina fulani za karatasi nzito zilitozwa asilimia 10. Bidhaa zilizotoka katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, zikiwa zimetimiza masharti ya Jumuiya, hazikutozwa. Kusudi lililotajwa lilikuwa kuvisaidia viwanda vya Kenya vifanye vitu hivyo hapa hapa, badala ya kuvinunua kwa wageni.

Basi habari ya hukumu ilipoenea, maneno yaliyosemwa katika vibanda vya chai yalikuwa mawili. La kwanza, kwamba sasa saruji itashuka bei. La pili, kwamba zile fedha zilizokwisha kutozwa kwa mwaka mmoja na zaidi zitarudishwa kwa wenyewe. Maneno yote mawili yana maana, lakini hakuna lililo jepesi kama lisikikavyo.

MZIGO UNAVYOPOKEZANWA

Yapasa kwanza ifahamike klinka ni kitu gani. Ni vijiwe vya rangi ya kijivu vitokavyo katika tanuri baada ya mawe ya chokaa na udongo kuchomwa kwa moto mkali sana. Vijiwe hivyo vikisagwa pamoja na jasi kidogo huwa saruji. Kujenga tanuri ni kazi ya fedha nyingi mno. Kujenga kinu cha kusagia ni nafuu. Ndiyo maana Kenya viko viwanda vyenye tanuri zao wenyewe, na viko vingine vilivyokuwa vikinunua klinka kwa wengine au kuiagiza kwa meli, kisha kuisaga na kuitia mifukoni.

Msomaji na achukue mfano wa kiwanda kisicho na tanuri, kilichoagiza klinka ya thamani ya shilingi 1,000,000 kutoka nchi iliyo nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na nje ya COMESA. Ushuru wa kawaida wa asilimia 10 ni shilingi 100,000. Tozo jipya la asilimia 17.5 ni shilingi 175,000. Wakala wa forodha hulipa fedha hizo kwa jina la mwenye kiwanda, na hati ya forodha huandikwa jina hilo hilo. Mbele ya sheria, mlipaji ni yeye.

Lakini mwenye kiwanda hakuzitoa fedha hizo ili azipoteze. Huzihesabu pamoja na gharama za umeme, makaa, jasi, mifuko na mishahara, kisha hupanga bei ya mfuko. Msambazaji naye huongeza faida yake juu ya bei hiyo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi vilevile, na mwenye lori. Mjenzi wa ghorofa ya Kileleshwa huiingiza saruji katika hesabu ya jengo zima, na mwisho wake hesabu hiyo humfikia anunuaye nyumba au mpangaji. Katika safari yote hiyo hakuna risiti hata moja iliyoandikwa kwamba shilingi kadha katika bei hii ni tozo la klinka. Tozo limeyeyuka katika bei kama chumvi katika mchuzi: hulionji peke yake, wala huwezi kulitoa.

Hata hivyo si kweli kwamba mnunuzi wa mwisho huubeba mzigo wote kila mara. Hilo hutegemea ni nani aliye na njia ya kukwepa. Ikiwa jirani wa kiwanda kile ana tanuri yake, yeye halipi tozo la klinka hata senti moja. Yule mwagizaji akipandisha bei kwa kadiri yote ya tozo, wateja watamkimbia. Basi hana budi kumeza sehemu yake mwenyewe kwa kupunguza faida, au kwa kupunguza watu kazini. Na hapa pana jambo ambalo watu wengi hawaliangalii. Yule jirani mwenye tanuri, akiona mwenzake amelazimika kuuza ghali zaidi, hana sababu ya kubaki na bei yake ya zamani. Aweza kuipandisha kidogo na bado akawa rahisi kuliko mwenzake. Fedha hiyo iliyoongezeka hutoka mfukoni mwa mjenzi, lakini haiendi katika Hazina ya Taifa, hubaki kiwandani. Kwa hiyo tozo la kulinda viwanda huweza kumgharimu mnunuzi zaidi ya kile ambacho Serikali imekipokea.

Jambo hili si geni katika nchi hizi. Katika miaka ya 1920 walowezi wa Kenya walipata ushuru wa kulinda ngano, unga, siagi na mbao zao, na watu wa Uganda na Tanganyika walinung'unika kwamba wanalipa bei ya juu ili mashamba ya nchi nyingine yastawi. Manung'uniko hayo hayakuhusu fedha iliyoingia Hazina. Yalihusu bei.

Katika wanunuzi wenyewe pia hawalingani. Mwenye kampuni ya kujenga maghorofa, akiona bei imepanda, aweza kuchelewesha ujenzi, au kununua kwa wingi ili apunguziwe, au kupandisha bei ya nyumba. Mtu aliyekwisha kuinua kuta za nyumba yake kijijini hadi kimo cha madirisha, na mvua za vuli zi karibu, hana la kuchelewesha. Atanunua kwa bei atakayoikuta dukani, mifuko mitano mitano. Naye kibarua wa Kileleshwa, ambaye hanunui saruji kabisa, hupata sehemu yake ya mzigo siku ile mkandarasi asemapo kwamba kazi imesimama kwa muda.

FEDHA ZILIZOKWISHA KULIPWA

Sasa mahakama imesema kwamba sheria ni batili. Je, fedha zirudi?

Katika shauri la mwaka 2024 walalamikaji waliomba ziamriwe kurudishwa, na Mahakama ya Rufaa ilikataa. Sababu yake yafaa kufahamika, maana watu wengi waliiona kuwa kinyume. Sheria iliyopitishwa na Bunge huhesabiwa kuwa ni halali mpaka siku mahakama itakapoitangua. Serikali ilipotoza, ilitoza kwa sheria iliyokuwapo; ilipotumia, ilitumia fedha iliyodhaniwa kuwa ni yake, ikalipa walimu na wauguzi na madeni. Kuiagiza irudishe yote kwa mara moja kungalikuwa kuitoza nchi nzima kodi ya pili ili kurudisha ya kwanza.

Lakini hata kama mahakama ingaliamuru fedha zirudishwe, swali gumu lingalibaki pale pale: zirudishwe kwa nani? Hati ya forodha ina jina moja tu, la mwagizaji. Ndiye angalipewa zile shilingi 175,000. Ikiwa alikwisha kuziingiza katika bei ya mifuko na wateja wakalipa, angalilipwa mara mbili, mara ya kwanza na wajenzi, mara ya pili na Hazina. Yule wa Makueni aliyenunua mifuko mitano mitano hana hati wala jina popote. Risiti yake, kama hakuipoteza, inasema tu kwamba alinunua saruji.

Mahakama za nchi mbalimbali zimelitazama jambo hili kwa macho tofauti. Huko Ulaya, Mahakama ya Jumuiya ya nchi za bara hilo ilisema mwaka 1983, katika shauri lililotoka Italia, kwamba tozo lililotozwa kinyume cha sheria sharti lirudishwe, lakini nchi yaweza kukataa kumrudishia mfanyabiashara aliyekwisha kuwasukumia wateja wake mzigo huo, ili asijitajirishe pasipo haki. Mahakama Kuu Kabisa ya Kanada, mwaka 2007, ilishika njia nyingine. Ilisema kwamba Serikali iliyotoza kinyume cha Katiba haiwezi kujitetea kwa hoja ya kuwa mlipaji amepitisha mzigo, maana isingefaa mkosaji abaki na mali kwa sababu tu mwenye kuidai naye hakuumia sana. Njia zote mbili zina haki ndani yake, lakini hakuna hata moja inayomfikishia senti yule aliyenunua mfuko dukani. Ikirudi, fedha huenda kwa mwagizaji; isiporudi, hubaki Serikalini.

BEI KUPANDA NA BEI KUSHUKA

Hebu sasa yaachwe yaliyopita, yatazamwe yajayo. Tozo likiondolewa leo, kwa nini saruji isishuke kesho?

Sababu ya kwanza ni ya kweli kabisa. Klinka iliyo katika bohari leo ililipiwa tozo jana. Mwenye kiwanda akiuza kwa bei ya bila tozo, amepata hasara kwa mali aliyoinunua kwa uaminifu. Meli mpya sharti iagizwe, isafiri, ipakuliwe, na mzigo wake usagwe. Miezi kadha hupita. Sababu ya pili ni woga. Shauri lililoamuliwa na Mahakama ya Rufaa laweza kupelekwa Mahakama ya Juu, na mfanyabiashara aliyepunguza bei leo huenda akalazimika kuipandisha mwezi ujao na kutukanwa na wateja. Sababu ya tatu haisemwi kwa sauti: mnunuzi amekwisha kuizoea bei. Bei ya vifaa vya ujenzi hupanda kwa lifti, na kushuka hushuka kwa ngazi, tena ikipumzika katika kila ghorofa.

Kinachoiharakisha ni ushindani peke yake. Palipo na wauzaji wengi wanaogombea wateja, mmoja atathubutu kupunguza, na wenzake watafuata shingo upande. Palipo na wachache wanaojuana, punguzo la tozo hugeuka kuwa faida, na mpangaji wa Kileleshwa hatajua kamwe kwamba kulikuwa na punguzo.

Tena isisahauliwe kwamba wako waliotegemea tozo hilo kwa haki. Tanuri za klinka haziko hewani. Ziko Athi River, Kajiado, Mombasa na Kilifi, na kando yake wako wachimba mawe ya chokaa, madereva, mafundi wa mitambo na mama wauzao chakula langoni. Mtu aliyekopa benki ili ajenge tanuri kwa kuamini kwamba sheria itamlinda, kisha sheria ikaanguka kwa kosa la utaratibu wa Bunge, amebeba gharama ya kosa ambalo si lake. Kwa hiyo wengine hufurahi tozo likifutwa, na wengine hulia, na wote wawili huweza kuwa wakaaji wa ploti moja huko Kawangware.

HUKUMU MOJA, MAPATO MAWILI

Sheria ya Fedha ya 2023 haikupandisha tu. Katika mambo mengine ilipunguza, na kwa sababu hukumu iliifuta yote, hata punguzo lingalifutika.

Kabla ya sheria hiyo, mtu aliyeagiza bidhaa za kawaida alilipa ada ya tangazo la uagizaji ya asilimia 3.5 na tozo la ujenzi wa reli la asilimia 2. Sheria ya 2023 ilizishusha kuwa asilimia 2.5 na asilimia 1.5. Na achukuliwe mfanyabiashara aletaye mabomba ya maji ya thamani ya shilingi 1,000,000 kutoka China. Chini ya sheria ya 2023 alilipa kwa ada hizo mbili shilingi 40,000. Sheria hiyo ikitanguka na ya zamani ikarudi, atalipa shilingi 55,000. Hukumu iliyompunguzia mwenye klinka shilingi 175,000 ingalimwongezea mwenye mabomba shilingi 15,000, na wote wawili wanapeleka mali yao kwenye jengo moja la Kileleshwa. Kwa upande mwingine, sheria hiyo hiyo ndiyo iliyoipandisha Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mafuta ya petroli na dizeli kutoka asilimia 8 hadi 16; nayo ikianguka, lori la saruji lingalisafiri kwa nafuu zaidi. Mkandarasi aliyeketi na kalamu kutaka kujua hukumu imempa nini au imemnyang'anya nini alikuwa na kazi ya usiku mzima.

Na Hazina je? Wakati huo ilikuwa imebanwa pande mbili. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulikuwa umeondolewa tarehe 26 Juni 2024, siku moja baada ya vijana kuandamana hata ndani ya majengo ya Bunge. Sheria ya mwaka uliotangulia nayo ikaanguka tarehe 31 Julai. Serikali isiyo na mapato mapya wala ya zamani hufanya mojawapo ya mambo matatu: hupunguza matumizi, hukopa, au hutafuta tozo jingine. Kila moja lina mtu wa kulilipia. Mkandarasi wa barabara asiyelipwa, mwanafunzi ambaye fedha za shule yake zimechelewa, na mtu wa miaka ijayo atakayelipa riba, wote hao huingia katika hesabu ya tozo lililofutwa, ingawa hawakuwahi kuiona klinka kwa macho.

Mambo hayakufika huko kabisa. Tarehe 20 Agosti 2024 Mahakama ya Juu iliisimamisha hukumu ile kwa muda, na tarehe 29 Oktoba 2024 majaji wake, wakiongozwa na Jaji Mkuu Martha Koome, waliitangua na kuirudisha Sheria ya 2023. Walisema kwamba wananchi walishirikishwa vya kutosha. Hivyo tozo lilikufa likafufuka ndani ya siku 90. Katika siku hizo wako walioahirisha kuagiza wakingojea nafuu, na wako walionunua upesi wakihofu kupanda. Kisha, kuanzia tarehe 27 Desemba 2024, sheria nyingine iliyorekebisha kodi mbalimbali ikalipandisha tozo la reli kutoka asilimia 1.5 hadi 2. Kile ambacho hukumu ingalikirudisha kwa mlango wa mbele kiliingia kwa mlango wa nyuma, na hakuna aliyeandamana kwa ajili yake.

SUKARI NA MCHELE

Huenda msomaji akauliza kama ushuru wa chakula nao hufuata mwendo huo huo. Hufuata, isipokuwa kwamba huko aumiaye huonekana upesi zaidi. Mwaka 2017, wakati wa ukame na bei kali, Serikali ya Kenya iliruhusu sukari iingie bila ushuru, ambao kwa kawaida ni asilimia 100. Sukari iliyoingia mwaka huo ilipita tani 900,000, hali mwaka uliotangulia ilikuwa chini ya tani 350,000. Viwanda vya Kenya vilitengeneza takriban tani 376,000 tu, kutoka karibu tani 640,000 za mwaka 2016. Ukame ulikuwa na sehemu yake katika upungufu huo, lakini mkulima wa miwa wa magharibi alijikuta na soko lililojaa kabla hajakata miwa yake.

Katika mwezi wa Julai 2025 ilitangazwa kwamba tani 500,000 za mchele zingeingia bila ushuru. Mchele kutoka nje ulikuwa ukitozwa Kenya asilimia 35 ya thamani, au dola 200 kwa tani, kwa kadiri iliyo kubwa zaidi. Wakulima wa Mwea walikuwa na mpunga ghalani; shauri likapelekwa Mahakama Kuu ya Kerugoya, na mwezi wa Agosti mahakama ikausimamisha mpango huo kwa muda. Hapa mahakama haikuufuta ushuru, ilizuia usifutwe. Mlaji wa Nairobi aliyetarajia wali wa bei nafuu alibeba gharama ya amri hiyo, kama vile mkulima wa Mwea angalibeba gharama ya kukosekana kwake.

YALIYOTOKEA MAREKANI

Siku ya Ijumaa, tarehe 20 Februari 2026, Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilitoa hukumu, majaji sita kwa watatu, kwamba Rais Donald Trump hakuwa na uwezo wa kutoza ushuru wa forodha kwa kutegemea sheria ya dharura ya mwaka 1977. Ushuru huo ulikuwa umeanza mwaka 2025, na bidhaa za Kenya zilitozwa asilimia 10. Hukumu yenyewe haikueleza namna fedha zitakavyorudishwa. Hata hivyo sheria ya forodha ya huko, kama ya huku, humtambua mwagizaji aliyeandikwa.

Jambo hilo lagusa Athi River, ambako mashati na suruali hushonwa kwa ajili ya maduka ya Marekani. Asilimia 10 zilipoanza kutozwa, hesabu ilikuwa ni kugawana: sehemu kwa mwenye duka, sehemu kwa mvaaji, na sehemu kwa mwenye kiwanda aliyeombwa apunguze bei ili asipoteze mteja. Mwenye kiwanda aliyekubali kupunguza hakulipa ushuru wowote kwa jina lake. Alipunguza bei tu, na punguzo si ushuru mbele ya sheria. Fedha zikirudishwa, yeye hana dai, wala hana mshonaji ambaye saa zake za kazi zilikatwa.

MWENYE JINA KATIKA HATI

Kwa bidhaa ziingiazo Kenya, Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu kudai ushuru uliolipwa kwa makosa, mradi dai lipelekwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya kulipa. Adaiye hutakiwa kuonyesha hati ya forodha na uthibitisho wa malipo. Kiwanda kikubwa kina makarani wa kuyatunza hayo, na wakili wa kuhesabu siku.

Wafanyabiashara wadogo wa Nairobi, wa Gikomba, wa Eastleigh na wa maduka ya vifaa yaliyo kando ya majengo ya Kileleshwa, aghalabu hawaagizi kontena nzima. Kila mmoja hununua mizigo michache, mabomba kwa huyu, vitasa kwa yule, na mkusanyaji huipakia yote katika kontena moja, akatoza kwa kilo au kwa ukubwa wa mzigo, ushuru ukiwa umo ndani ya bei hiyo hiyo. Ni njia nzuri, na bila hiyo wengi wasingeweza kufanya biashara hiyo kabisa. Lakini kontena lifikapo Mombasa au bohari la Embakasi, jina lililo katika hati ya forodha ni la mkusanyaji. Mwenye mabomba ana karatasi ya uzito, na ujumbe wa simu unaosema kwamba mzigo wake umefika.